Mguu wa Kuingia Ziwani

Vijana wa idara waliponiaga, waliniomba niwaandikie kurasa chache wahandisi wapya wanaoanza kazi. Aliyetumwa kuniambia alikuwa binti mpole, akasema kwa adabu zote, "Mama, ukiweza iwe ya kutia moyo." Nimejaribu. Nimekaa kibarazani kwangu Buswelu asubuhi nyingi, na kila nikitaka kutia moyo namkumbuka Nyanzobe, kalamu inasimama. Kwa hiyo nitaandika yaliyotokea. Moyo mtautafuta wenyewe.

Jina langu ni Kabula. Nimekuwa mhandisi wa vifaa tiba katika chuo kikuu kimoja hapa Mwanza tangu idara ilipokuwa chumba kimoja chenye mlango usiofungika vizuri. Habari za vyeo na mishahara ziko kwenye faili langu la utumishi, anayezitaka akasome huko. Hazijawahi kumsaidia mtu kutembea.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Dokta Rwegasira, Mhaya mrefu aliyevaa shati jeupe hata akiwa anachanganya plasta. Ndiye aliyekuwa mkuu wa karakana, na kwa kweli ndiye aliyekuwa karakana yenyewe. Chumba kilikuwa kimejaa mashine za msaada kutoka nje: kitanda cha joto cha watoto njiti kilichokuja bila waya, mashine ya kupima moyo yenye maelekezo kwa lugha ambayo hakuna mtu Mwanza nzima aliyeisoma, na viti vya meno, sijui kwa nini, maana hatukuwa na daktari wa meno.

"Hawa ni wageni wetu," akasema akinionyesha. "Walikuja, wakakaribishwa, hawajui kuaga."

Nilidhani ataniambia nianze kuzitengeneza. Badala yake akatoa kwenye kabati kifaa alichokiunda mwenyewe, gongo la chuma lenye unyayo wa mpira na mikanda. Unakunja goti, unafungwa, unatembea kama mtu aliyekatwa mguu chini ya goti. Akanifunga, akanipa hela ya vitunguu na kuniambia niende kuvinunua sokoni Buzuruga.

Nilikuwa msichana wa Sengerema niliyetoka chuoni na alama nzuri, nikiwa na sketi mpya. Nilianguka kwenye mtaro karibu na stendi. Watu wakaniinua, mama mmoja akanipangusa vumbi na kuniombea Mungu. Niliporudi, goti lilikuwa limevimba na vitunguu vimepondeka.

"Umejifunza nini?" akaniuliza.

"Kwamba watu wanaangalia mguu, hawaangalii uso."

"Hilo la pili. La kwanza?"

"Kwamba panauma."

"Wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Nikamwonyesha, chini kidogo ya goti kwa mbele, pale mfupa unapogusa ukingo.

"Hapo," akasema, "ndipo ofisi yako itakapokuwa."

Na ndipo ilipokuwa. Kwa wale ambao siku hizi mnaanzia kwenye kompyuta, nieleze kwa ufupi tulivyokuwa tukifanya. Kwanza unakishika kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, kwa mikono yako miwili, unakisoma: wapi nyama laini, wapi mfupa uko juu, wapi mgonjwa anashtuka. Unaweka alama kwa penseli ya rangi. Unakizungushia bandeji ya plasta, ikikauka unaitoa kama soksi, unamimina plasta nyingine ndani, na sasa unacho kigutu cha jiwe. Hicho unakipunguza kwa tupa pale panapoweza kubeba uzito na kukiongezea pale pasipoweza. Mwisho unapasha moto bamba la plastiki kwenye oveni mpaka linalegea kama unga wa chapati, unalivisha juu ya jiwe na kuvuta hewa ya katikati kwa pampu. Hapo unapata kikombe, yaani ile sehemu inayopokea kigutu. Umeme wa Mwanza ulikuwa na kipaji cha kukatika wakati ule ule plastiki ikiwa imelegea. Dokta Rwegasira hakuwahi kulaani. Alikuwa akisema tu, "Tanesco nao wanataka kuona," kisha tunaanza upya.

Nyanzobe aliletwa kwetu nikiwa nimekaa miaka michache. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mweusi, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu walio mbali. Alikuwa akifanya biashara ya dagaa kwenye mwalo wa Igombe, ufukweni mitumbwi inaposhushia samaki. Kazi yake ilikuwa kuingia majini alfajiri na karai kichwani, kuwahi mitumbwi kabla haijafika nchi kavu, kwa sababu anayewahi ndiye anayechagua. Siku moja mtumbwi ulirudi nyuma ghafla, pangaboi la injini likamkuta mguu wa kushoto. Hospitali wakakata chini ya goti, akawa anatembelea fimbo mpaka alipoletwa kwetu.

Tukampimia, tukamtengenezea mguu mzuri. Unyayo wake ulitoka ghala la vifaa, ule wa kawaida, wa mti kwa ndani na sponji kwa nje. Akatembea kwenye korido yetu, wauguzi wakapiga makofi. Nikaandika kwenye faili lake kwamba matokeo ni mazuri sana.

Mvua za masika zilipoisha alirudi. Aliuvua mguu, akauweka mezani mbele ya Dokta Rwegasira. Unyayo ulikuwa umevimba na kupasuka, ukinuka dagaa. Tulipoufungua, ndani kulikuwa na funza.

"Mayu," akaniambia, na kwa Kisukuma hapo anamaanisha mama, ingawa tulikuwa sawa kwa umri, "mguu wenu huu ni wa kanisani. Unafaa kwenda nao Jumapili na kurudi. Mimi nafanya kazi ziwani."

Dokta Rwegasira alicheka. Kisha akaacha kucheka. Akauliza kama kuna wengine wenye hali kama yake kule mwaloni.

"Wapo," akasema Nyanzobe. "Wameitundika ukutani miguu yenu. Wanatumia fimbo."

Ndivyo utafiti wetu ulivyoanza. Baadaye niliwasikia watu kwenye mikutano wakieleza kwamba ulitokana na tathmini ya mahitaji. Ulitokana na funza.

Tulitaka unyayo ambao ungeingia majini, utoke, ukanyage mchanga, uingie tena, kila siku, na usioze. Mnaposoma makala zetu mnaona michoro na majedwali, mnadhani tulijua tunakwenda wapi. Unyayo wa kwanza tuliutengeneza kwa mpira mtupu. Haukuoza, lakini ulikuwa mzito kama tofali na ulikuwa ukinyonya maji kisha kuyatoa kwa mlio kila hatua. Watoto wa Igombe walimfuata Nyanzobe wakiiga sauti ya bata, naye akawatukana kwa lugha ambayo sikuinukuu kwenye ripoti. Wa pili ulikuwa mwepesi lakini uliteleza kwenye mawe yenye ukoga. Wa tatu ulivunjika kwenye kifundo mchana kweupe, akaanguka na karai zima la dagaa, na akatununia msimu mzima.

Tuliunda mashine ya kuujaribu. Mota ya zamani, mkono wa chuma na pipa la maji ya ziwa lililochanganywa na mchanga. Mkono unausukuma unyayo chini, unauinua, unausukuma tena, wiki kwa wiki. Ilipiga kelele mpaka wenzetu wa idara ya jirani wakaandika malalamiko. Dokta Rwegasira aliyabandika ukutani juu ya mashine, akisema ndiyo makala yetu ya kwanza.

Yeye hakuuona mwisho wake. Figo zilianza kumsumbua, na alipolazwa nilikuwa nikienda kumweleza maendeleo. Mara ya mwisho nilimwambia kwamba unyayo mpya umekaa kwenye pipa muda mrefu bila kuvunjika na kwamba nataka kuandika makala.

"Ameuvaa nani?"

"Bado hajauvaa mtu. Ni wa kwenye pipa."

"Basi pipa ndilo limepona," akasema. Akafumba macho. Aliaga dunia wiki iliyofuata, na idara ikampa mazishi ya heshima na hotuba ndefu, ambazo nadhani angezipunguza kwa tupa.

Ule unyayo nilimvalisha Nyanzobe mwenyewe, nikiwa na mwanafunzi wangu Masanja, kijana wa Magu, mwepesi wa hesabu, ambaye wakati huo alikuwa akiandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya unyayo huo. Tulisimama ufukweni na fomu zetu za maswali. Maumivu, kutoka moja hadi kumi. Uthabiti, kutoka moja hadi kumi. Tukamwambia atembee mpaka maji yamfike gotini, ageuke, arudi, tumuulize.

Akaingia. Maji yakafika kifundoni, yakafika gotini. Hakugeuka. Kulikuwa na mtumbwi unaingia, na yeye akaufuata. Tukamwona ameshika ubao wa mtumbwi kwa mkono mmoja, mwingine anautikisa hewani, anagombana na mwenye mtumbwi juu ya bei. Masanja akamwita. Hakusikia. Tulikaa pale juani na fomu zetu mpaka zikaanza kujikunja pembeni.

"Mwalimu, ametusahau," Masanja akasema.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ametusahau."

Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata furaha kama ile. Mtu aliyekatwa mguu alikuwa amesahau kwamba ana mguu wa bandia, akawasahau na waliomtengenezea. Kama kurasa hizi zingeishia hapa, yule binti angepata habari yake ya kutia moyo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Chuo kimoja cha nje kikaingia ubia nasi, tukapata mtambo wa kupimia na gari la kwendea mialoni. Tuliwavalisha unyayo wavuvi, wauza dagaa, mkulima mmoja wa mpunga wa Magu, na fundi mitumbwi aliyekuwa na tabia ya kuuvua na kuugonga misumari nao. Wageni wakaja na kamera. Nyanzobe alipigwa picha akiwa ndani ya maji zaidi ya bibi harusi yeyote. Makala zilitoka, Masanja akawa Dokta Masanja, wenzetu wa ng'ambo wakawa maprofesa. Mimi pia nilipata changu, nisijifanye mtakatifu.

Kisha muda wa mradi ukaisha. Hakuna aliyeiba kitu, wala hakuna aliyemdanganya mtu. Kulikuwa na mkutano wa kufunga, tukala wali na kuku, tukapeana mikono. Utafiti ulikuwa umeuliza kama unyayo unaweza kufanya kazi majini, na jibu lilikuwa limepatikana. Unaweza.

Lakini unyayo wa mpira, vijana wangu, ni kama kiatu. Unalika. Tulijua hivyo tangu mwanzo, tuliandika wenyewe kwamba baada ya misimu kadhaa mtu atahitaji mwingine. Hatukuandika atautoa wapi.

Wakaanza kurudi. Wa kwanza alikuwa fundi mitumbwi, kisigino kimeisha. Nikamtengenezea mwingine kwa mpira uliobaki. Wakaja wengine, mpira ukaisha. Nikaenda hospitali, wakaniambia kwa upole kwamba unyayo ule haumo katika vifaa wanavyoruhusiwa kuagiza. Ili uingie lazima usajiliwe. Nikaenda kwa wanaosajili, wakauliza mtengenezaji ni nani. Nikasema chuo. Wakasema chuo si kiwanda. Nikarudi chuoni, wakakubali kwamba, kweli, sisi si kiwanda. Kila mtu aliniambia ukweli. Ningekutana na mwongo hata mmoja ningepata wa kugombana naye.

Igoma, kwenye karakana za barabara ya Musoma, kulikuwa na Bwana Pravin, ambaye familia yake imekuwa Mwanza kabla ya babu zetu wengi kuijua. Alikuwa akimimina vitu vya mpira: miguu ya mashine za kusaga, vizuizi vya milango, pete za pampu. Nilimpelekea unyayo, akaupindapinda, akaunusa.

"Kazi nzuri hii, dada. Naweza kuimimina. Nikipata kalibu lenu la kumiminia na kibali, naimimina kesho."

"Na kibali kikichelewa?"

Akanirudishia unyayo. "Mpira wa mashine ya kusaga ukipasuka, mtu anakuja kunitukana tu. Huu ukipasuka mtu anaanguka. Mimi ni Mhindi wa Igoma, dada. Akianguka mtu kwa kitu changu kisicho na kibali, nitasimama wapi?"

Nikaanza kutengeneza mwenyewe, mmoja mmoja, kwa malighafi za mradi mwingine, jioni wanafunzi wakishatoka. Kila mtu idarani alijua. Wakati huo mkuu wa idara alikuwa Dokta Masanja, na alinyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Siku aliyoniita ofisini alisimama nilipoingia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sema tu, Masanja, usizunguke."

Akakaa. "Ni zile nyayo. Wakaguzi wameuliza. Mwalimu, mtu akiumia na unyayo usiosajiliwa uliotoka humu, chuo kitashtakiwa."

"Na akiumia kwa kukosa unyayo?"

Alikuwa kijana mkweli, nilimfundisha mwenyewe. "Hapo hakuna wa kushtakiwa," akasema.

Siku hiyo hiyo kalibu likafungiwa stoo, ufunguo ukakaa kwake. Nilimchukia, lakini nilijua kwamba kwa kila kanuni tuliyokuwa tumetia saini, alikuwa sahihi. Ni chuki mbaya sana hiyo, haina pa kukaa.

Nyanzobe hakuja. Nilidhani unyayo wake bado uko vizuri, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutunza vitu. Kumbe alikuwa amekuja. Alipanda gari kutoka Igombe, akafika mapokezi, akaambiwa mradi umefungwa, akarudi. Aliyemwambia hakuwa na ubaya wowote, ndivyo alivyoelekezwa awaambie wote.

Unyayo ulikuwa umepasuka kwenye kifundo. Akaufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, akaendelea kuingia majini. Wahandisi mtaelewa kilichotokea, wengine niwaeleze: unyayo ukikaa upande hata kidogo, kikombe nacho kinakaa upande, na uzito wote wa mwili unashukia pale pale Dokta Rwegasira aliponifanya nipaonyeshe kwa kidole. Ngozi ikachubuka. Maji ya mwaloni, mnayajua yalivyo, yakaingia. Alikuwa na sukari bila kujua. Alipoletwa hospitali na binti yake, Limi, homa ilikuwa imempanda na kigutu kimekuwa cheusi.

Nilipata habari kwa muuguzi aliyekumbuka jina lake kutoka kwenye picha za mradi. Nilipofika wodini walikuwa wameshamkata tena, sasa juu ya goti. Kwa asiyejua kazi yetu, goti ni kila kitu. Mwenye goti lake unamtengenezea mguu. Asiye nalo unamtengenezea mguu na goti pia, na goti la bandia la kuingia ziwani hatujawahi kulitengeneza, si sisi wala, kwa ninavyojua, mtu mwingine yeyote.

Nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda. Limi alisimama, akanipa shikamoo kwa sauti ya chini, akatoka na chupa ya chai. Nyanzobe alikuwa akiangalia dari.

"Pole, Nyanzobe."

"Umekuja kupima?"

"Nimekuja kukuona."

"Basi umeniona."

Nikamweleza kuhusu kibali, kuhusu kalibu lililofungiwa, kuhusu nilivyohangaika. Nilizungumza kwa muda mrefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akageuza uso.

"Mimi nilikuwa na fimbo," akasema. "Kabla yenu. Fimbo ya mkwaju. Niliikata mwenyewe. Ikivunjika nakata nyingine, siendi mjini kuuliza mtu. Nilikuwa siingii mbali majini, nilikuwa nanunua mabaki, lakini nilikuwa nimeshazoea. Mkaja mkaniambia tupa hiyo fimbo. Nikatupa."

"Unyayo ulikuwa mzuri."

"Ulikuwa mzuri sana," akasema. "Ndiyo maana nilitupa fimbo."

Nimesoma tathmini nyingi za kazi yetu. Wataalamu wa nchi mbalimbali wameipima kwa vigezo vingi, na wengi waliisifu. Hakuna aliyeipima kama yule mwanamke, kitandani, na homa bado haijamtoka.

Kutoka wodini nilikwenda moja kwa moja kwa Masanja. Sikupiga kelele, sikuwa na nguvu hizo. Nikamwambia, "Nyanzobe wa picha. Wamemkata juu ya goti." Aliweka kalamu chini. Alikuwa amemtaja Nyanzobe kwenye ukurasa wa shukrani wa tasnifu yake, kwa jina kamili. Akavaa koti, tukapanda wote wodini. Akainama kando ya kitanda.

"Shikamoo, mama."

Nyanzobe alimtazama, akamtambua. Hakujibu. Katika maisha yangu ya Usukumani sijawahi kuona mtu mzima akiamkiwa hivyo akaacha kuitikia. Masanja alibaki ameinama, kisha akanyooka, akatoka. Nilimkuta koridoni amegeukia ukuta.

Nitamtendea haki. Tangu siku hiyo aliukimbilia usajili kama mtu anayefukuzwa. Aliweka jina lake mwenyewe kama msimamizi anayewajibika, jambo ambalo wakubwa wetu chuoni walimshauri asilifanye. Alisafiri Dodoma na Dar, akapeleka nyayo kupimwa mahali palipokubalika, akarudishwa, akapeleka tena. Kalibu likatoka stoo. Kibali kikaja, cha toleo moja tu la majaribio ya matumizi, kwa fedha za mfuko mmoja uliokubali kusaidia mara moja. Bwana Pravin alizimimina nyayo hizo mwenyewe, amevua saa na kukunja mikono ya shati, na kila mmoja aliuangalia kwenye mwanga kabla ya kuuweka chini. Tulizunguka mialo kuwagawia watu wetu wa zamani. Wengine tuliwakuta wamekufa. Wengine walifurahi sana, fundi mitumbwi alicheza ngoma peke yake. Hilo lilitokea, na sitaki kulificha kwa sababu ya uchungu wangu.

Wakati huo huo idara ilikuwa imepata mradi mpya, wa vitu vya kisasa zaidi, na vijana wazuri wanaufanya. Nimeona michoro yao. Ni kazi nzuri. Niliuliza kwenye kikao, baada ya mradi kuisha, kifaa cha pili atakitoa nani? Mwenyekiti alisema swali ni zuri na litaangaliwa katika hatua zinazofuata. Nimekaa vikao vingi, najua hatua zinazofuata ziko wapi.

Nilistaafu nikiwa na unyayo mmoja wa toleo lile uliobaki. Wa kushoto, saizi ya Nyanzobe. Unyayo unaweza kufungwa pia kwenye mguu wa aliyekatwa juu ya goti. Goti lake la bandia lingekuwa la kawaida, la kutunzwa lisilowe, lakini angeweza kutembea ufukweni, kwenda sokoni, kwenda kanisani. Nilizungumza na fundi mmoja wa viungo bandia, akakubali kumtengenezea sehemu iliyobaki. Nikaufunga unyayo kwenye kitambaa, nikauweka kwenye mfuko, nikaenda Igombe asubuhi.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya vichanja vya dagaa, fimbo mbili ziko chini kando yake. Anaanika, anageuza, anafukuza kunguru. Anayeingia majini siku hizi ni Limi. Tuliangalia wote jinsi binti alivyokuwa amesimama majini mpaka kiunoni, anaita mtumbwi kwa sauti ile ile ya mama yake.

"Nimestaafu," nikamwambia.

"Hongera. Umemaliza salama."

Nikaufungua mfuko, nikampa unyayo. Aliupokea kwa mikono miwili. Aliujua, mikono yake iliujua kabla ya macho. Akabonyeza kisigino kwa kidole gumba, akaukunja kwenye vidole, akaugeuza akaangalia matundu ya kutolea maji. Kwa muda uso wake ulilainika, nikaona amefika mbali, labda siku ile alipotusahau. Nikamweleza habari za fundi, na kwamba kila kitu kiko tayari, ni yeye tu kuja kupimwa.

"Huu utadumu muda gani?" akaniuliza.

"Misimu kadhaa. Usipouingiza majini, zaidi."

"Ukiisha?"

Nilianza kusema jambo kuhusu Masanja, na kuhusu maombi mapya yaliyopelekwa. Akaninyamazisha kwa kuinua kiganja, si kwa hasira.

"Mayu, sikuulizi chuo. Nakuuliza wewe. Huu ukiisha, wa tatu naupata kwa nani?"

Kunguru walikuwa wameshuka kwenye vichanja, hakuwafukuza. Alinisubiri. Nilitafuta jina la mtu, jina moja tu, la kumpa. Nilipita idara, nikapita hospitali, nikapita Igoma kwa Bwana Pravin, ambaye amezeeka na watoto wake wako Kanada. Nilijipita na mimi.

"Sijui," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Akaufunga unyayo kwenye kitambaa chake, vizuri, pembe kwa pembe, akanirudishia. Kisha akashika fimbo zake, akasimama, akaenda kugeuza dagaa.